Mashindano ya Lichess na sare za mapema: kufuli la hatua 30 linazuia nini, na nini kinapita

Katika sataranji, sare ya mapema haivunji sheria. Kabla ya wachezaji wawili kukubaliana, sheria za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, zinataka jambo moja tu: kila mmoja awe amecheza angalau hatua moja. Ndiyo maana meza ya kwanza ya raundi ya mwisho inaweza kumalizika kabla mtazamaji hajapata kiti. Zinachezwa hatua 12 za ufunguzi uliokaririwa, wanapeana mkono, wanatia sahihi, kila mmoja anaondoka na nusu pointi. Sheria hizo hizo, kifungu cha 9.1, zinamruhusu mwandaaji kukataza makubaliano hayo bila idhini ya mwamuzi, ama kabla ya idadi fulani ya hatua, ama mchezo mzima. Ukumbini katazo hilo linahitaji mwamuzi anayezunguka meza na kuielewa nafasi iliyopo ubaoni. Kwenye Lichess, tovuti ya kucheza sataranji mtandaoni, kazi hiyo imeachiwa programu. Tathmini hii inaangalia jinsi programu inavyoifanya katika aina mbili za mashindano: Uswisi, yenye raundi maalumu ambapo wenye pointi zinazokaribiana hupangiwa kukutana, na Arena, ambapo kila mtu anacheza michezo mingi awezavyo mpaka muda uishe. Mambo mengine ya tovuti, kama mafumbo, masomo na uchambuzi wa injini, hayamo humu.

Bei haina mjadala: huduma yote ni bure, haina matangazo, na inaendeshwa na shirika lisilo la faida la Ufaransa kwa michango ya watumiaji. Kwa klabu isiyo na fungu la kulipia programu hilo peke yake ni jambo kubwa. Kwa hiyo swali ni kama kinga yake dhidi ya sare inatosha pale zawadi zinapowekwa mezani. Jibu langu ni kwamba Uswisi ya Lichess inazuia watu kupeana mkono lakini haigusi kinachowafanya watake kupeana mkono. Arena inakigusa.

Tuanze na Uswisi. Anayeweza kuianzisha ni kiongozi wa timu tu, kwa hiyo kwanza fungua timu. Katika fomu utachagua muda wa saa, idadi ya raundi (zisipungue 3), na muda wa mapumziko kati ya raundi na raundi. Kufuli la sare hulichagui, limo tayari. Mchezaji hawezi kuomba wala kukubali sare kabla hatua 30 hazijachezwa, na kitufe chenye alama ya ½ hakiitiki mpaka zifike. Hapo pana faida ya kweli. Sare nyingi za mapema hazikupangwa tangu nyumbani. Huzaliwa ubaoni, mtu akichoka, akiogopa reitingi (namba ya kiwango) ya aliye mbele yake, au akiona nafasi imekuwa sawa naye hana hamu ya kuendelea. Mtu wa namna hiyo akilazimishwa kufika hatua ya 30, mara nyingi nafasi huwa imeshapinda upande mmoja na mchezo unaamuliwa wenyewe. Kwa klabu yenye wanafunzi wengi, nusu ya tatizo inaishia hapo bila mwamuzi kusema neno.

Nusu ya pili inapita. Kufuli limefunga makubaliano, halikufunga sheria nyingine za sataranji. Nafasi ile ile ikijitokeza mara 3, mchezaji ana haki ya kudai sare hata kama ni hatua ya 14. Na ipo mikondo ya ufunguzi inayofika huko kwa usalama kamili. Unaojulikana zaidi unatoka Ulinzi wa Berlin (katika nukuu hii Q ni malkia, na alama ya + ni shahi): 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 Nf6 4.O-O Nxe4 5.d4 Nd6 6.dxe5 Nxb5 7.a4 Nbd4 8.Nxd4 Nxd4 9.Qxd4 d5 10.exd6 Qxd6 11.Qe4+ Qe6 12.Qd4 Qd6 13.Qe4+ Qe6 14.Qd4 Qd6. Hesabu: nafasi baada ya hatua ya 10 ya Mweusi imerudi baada ya hatua ya 12, ikarudi tena baada ya hatua ya 14. Zimetimia 3. Ufunguzi wa Ruy Lopez, tawi la Zaitsev, nao una mlango wake. Baada ya 10...Re8, yaani Mweusi akishaweka ngome e8 katika hatua ya 10, farasi wa Mweupe anaruka g5, ngome ya Mweusi inarudi f8 kuilinda f7, farasi anarudi f3, ngome inarudi e8. Wakilifanya hilo mara mbili, hatua ya 14 sare imeiva.

Tofauti ya mikondo hii miwili ni muhimu kwa anayesimamia. Katika Zaitsev anayechagua kurudia ni Mweupe, na Mweusi anaweza kuwa anatamani ushindi kabisa. Hakuna njama ya lazima hapo. Katika Berlin, Mweupe angeweza kubadilishana malkia hatua ya 12 na kuendelea kucheza, na Mweusi angeweza kujibu shahi ya hatua ya 11 au ya 13 kwa kuweka askofu e7 au e6. Mchezo ukifika mwisho wa mkondo ule, wote wawili wameutaka. Usimhukumu mtu kwa urefu wa mchezo peke yake. Tazama nani alikuwa na njia ya kutoka na hakuitumia.

Kumbuka pia mpangilio binafsi wa mchezaji. Katika mapendeleo yake anachagua kama sare ya kurudia nafasi mara 3 idaiwe yenyewe daima, isidaiwe kabisa, au idaiwe tu akibakiwa na chini ya sekunde 30. Aliyeacha "daima" anaweza kujikuta na sare ambayo hakuikusudia, hasa akirudia nafasi ili kupata sekunde za nyongeza. Waambie wachezaji wako wauangalie mpangilio huu kabla ya raundi ya kwanza. Malalamiko mengi ya "mfumo umenipa sare" yanatoka hapa, na hakuna atakayeweza kuyarekebisha baadaye, kwa sababu kiongozi wa timu hana uwezo wa kubadili matokeo ya mchezo.

Namna nyingine ya kupita ni kuigiza. Wawili waliokubaliana nje ya tovuti wanacheza hatua 30 za kujaza, wanabadilishana vipande viwili vitatu, kisha wanabonyeza ½. Maelezo ya Lichess yenyewe yanakiri kwamba kipimo hiki hakiwezi kuzuia sare iliyopangwa, kinaifanya tu iwe ngumu zaidi kupatana papo hapo. Ila maigizo yanaacha alama kwenye saa. Chukua mchezo wa dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5. Katika hatua 30 kila mchezaji anaongezewa sekunde 150. Anayetumia sekunde 2 kwa hatua ametumia sekunde 60, kwa hiyo anamaliza akiwa na kama dakika 11 na nusu, yaani zaidi ya alizoanza nazo. Mchezo wa kweli wa kuwania nafasi ya kwanza hauachi saa mbili zilizonenepa namna hiyo. Pakua michezo ya mashindano kwa faili la PGN (maandishi ya hatua zote za mchezo), tafuta matokeo ya 1/2-1/2 yenye hatua kati ya 30 na 35, kisha soma alama za %clk, yaani muda uliobaki kwenye saa, zilizoandikwa pembeni ya kila hatua. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa mashindano ya watu 32. Ili uifanye kabla raundi inayofuata haijapangwa, kwenye fomu usichague mapumziko ya sekunde chache. Chagua kupanga kila raundi kwa mkono.

Sasa penye kiini cha jambo, ambapo waandaaji wengi wanakosea na kulilaumu kufuli. Chukua mashindano ya watu 32, raundi 5, michezo yote ikiwa imeamuliwa mpaka raundi ya 4. Wawili wana pointi 4, wanane wana 3. Zawadi ni shilingi 30,000, 20,000 na 10,000, na kwa desturi ya klabu nyingi waliolingana pointi wanachanga zawadi zao na kugawana sawa. Vinara wakitoka sare wana 4.5 kila mmoja, hakuna wa kuwafikia, wanagawana 50,000: kila mmoja 25,000. Wakipigana, mshindi anachukua 30,000. Aliyeshindwa anabaki na 4 na kukutwa na wanne walioshinda kutoka kundi la 3. Watano wanagawana 30,000 za nafasi ya pili na ya tatu, yaani 6,000 kwa kichwa. Ushindi unamwongezea 5,000, kushindwa kunampokonya 19,000. Ili kupigana kumlipe, awe na uhakika wa kushinda wa karibu asilimia 79. Hakuna mchezaji mwenye akili timamu atakayepigana na mtu wa kiwango chake kwa bei hiyo. Umemlipa akae kimya, halafu unamlaumu kwa kukaa kimya.

Wengi hukimbilia pointi za mpira: 3 kwa ushindi, 1 kwa sare. Mashindano ya Bilbao yalizitumia 2008, ya London Chess Classic yakazitumia 2009, na Magnus Carlsen akashinda London kwa pointi 13, yaani ushindi 3 na sare 4. Katika mashindano marefu ya watu wachache pointi hizo zinasaidia, kwa sababu anayetoka sare kila siku anaachwa nyuma. Lakini zipitishe kwenye mfano wetu: vinara wana 12, wanaowafuata wana 9. Vinara wakitoka sare wana 13, na anayeshinda nyuma yao anafika 12 tu. Zawadi ni ile ile, sababu ya sare ni ile ile. Uswisi ya Lichess haina chaguo la pointi 3. Ni 1, nusu na 0. Kwa mashindano mafupi ya klabu sioni kuwa ni upungufu wa kulilia.

Kinachosaidia ni zawadi. Lichess inapanga waliolingana kwa Sonneborn-Berger: pointi za kila uliyemshinda zinajumlishwa, na nusu ya pointi za kila uliyetoka naye sare. Kwa hiyo meza ya mwisho ina namba moja na namba mbili hata pointi zikilingana. Tumia hilo. Andika kwenye tangazo kwamba zawadi hazigawanywi, zinafuata nafasi iliyoonyeshwa na jedwali. Kisha weka uzito juu: badala ya 30,000, 20,000 na 10,000, weka 45,000, 10,000 na 5,000. Jumla ni ile ile 60,000. Sasa katika raundi ya 5 kinara mwenye Sonneborn-Berger ndogo anajua kwamba sare inampa 10,000 na ushindi 45,000. Hata tukichukulia kwamba akishindwa hapati kitu, kupigana kunamlipa akiwa na nafasi ya kushinda ya zaidi ya asilimia 22. Mmoja kati ya wawili akishakuwa na sababu ya kukataa sare, sare ya mapema imekufa, maana inahitaji watu wawili. Lililobaki ni wawili hao kugawana fedha kimya kimya baadaye, na hilo halizuiwi na kufuli lolote. Ni kosa la maadili, na kanuni zako ziseme wazi kwamba atakayethibitika anapoteza zawadi.

Arena inalitatua jambo hili kwa njia nyingine, na hapa Lichess wanastahili sifa. Kitufe cha ½ kiko wazi, lakini sare iliyopatikana ndani ya hatua 10 za mwanzo haimpi yeyote pointi. Sare zikifuatana, ya kwanza tu ndiyo inayolipwa, isipokuwa zile zilizopita hatua 30 katika sataranji ya kawaida; na mfululizo huo wa sare unakatwa na ushindi pekee, haukatwi hata na kushindwa. Aina nyingine za mchezo zina kiwango chao: hatua 20 kwa Crazyhouse, 10 kwa Atomic.

Juu ya hapo kuna moto. Ushindi ni pointi 2, sare 1. Ukishinda mara mbili mfululizo alama ya moto inawaka na michezo inayofuata inahesabiwa mara mbili, ushindi 4 na sare 2, mpaka utakapokosa kushinda. Mchezaji mwenye moto akishinda michezo minne inayofuata anapata 16. Wa kwanza ukiwa sare na mitatu ushindi, anapata 2, 2, 2 na 4, jumla 10. Akishindwa wa kwanza na kushinda mitatu, anapata 8. Yaani sare badala ya ushindi imemgharimu 6, na kushindwa badala ya sare kungemgharimu 2 tu. Anayeipigania nafasi yenye uwezekano wa kushinda wa robo moja tayari hapotezi kitu. Linganisha na asilimia 79 ya hapo juu. Ni mchezo ule ule wa vipande 32, lakini aliyepanga pointi amegeuza mizani.

Arena nayo ina tundu. Sare fupi ya kwanza baada ya kila ushindi bado inalipwa, mradi imevuka hatua 10. Wawili wanaofahamiana wanaweza kuivuna hapa na pale. Faida yake ni ndogo, maana inazima moto. Katika Arena ya 3+0 au 5+0 (dakika 3 au 5 bila sekunde za nyongeza) tishio kubwa zaidi ni anayekimbilia kitufe cha Berserk, kinachokata muda wake nusu ili apate pointi moja zaidi akishinda, na pointi hiyo inahitaji mchezo wa angalau hatua 7. Hilo halihusiani na sare, lakini litakujia kwenye malalamiko, basi lijue. Na Arena haifai kama unataka kila mtu acheze idadi sawa ya michezo: inaisha kwa saa, na mwenye intaneti ya kusuasua anacheza michezo michache kuliko mwenzake.

Tukiziweka huduma hizi kando ya zinazofanywa ukumbini, utaona kila mmoja amekamata kipande chake. Waandaaji wa mashindano ya M-Tel Masters ya Sofia mwaka 2005 walikataza wachezaji kuombana sare kabisa. Anayeitaka alimwendea mwamuzi. Hiyo ndiyo kanuni kali kuliko zote, na ndiyo ghali kuliko zote, kwa kuwa inadai mtu anayeweza kusema kwamba nafasi ile kweli haina cha kuchezwa tena. Programu ya Lichess haina kitu kama hicho. Mechi ya ubingwa wa dunia ya 2018, Carlsen na Caruana, ilikuwa na kikomo cha hatua 30 kama cha Uswisi ya Lichess, na michezo yote 12 ya muda mrefu ikaisha kwa sare, mingi ikiwa vita vya kweli. Kikomo hakiondoi sare, kinaondoa ile isiyochezwa. Mashindano ya Norway Chess yalichukua njia nyingine kuanzia 2019: kila sare inafuatwa na mchezo wa Armageddon, Mweupe dakika 10, Mweusi dakika 7, na sare ya hapo ni ya Mweusi. Hili unaweza kuliiga kwa nafasi ya kwanza tu: nje ya Uswisi, waambie vinara waliolingana waanzishe mchezo wa kirafiki wenye saa hizo. Fomu ya kawaida ya changamoto haitoi saa tofauti kwa kila upande, basi waanze wote na dakika 7, na Mweusi abonyeze kitufe cha kumwongezea mpinzani muda mpaka tofauti ya dakika 3 ipatikane. Kitufe hicho kinaongeza sekunde 15 kwa kila mbonyezo, kwa hiyo ni mibonyezo 12. Kwa kuwa anayeongezewa ni mpinzani, hapa mbonyezaji ni Mweusi, anayempa Mweupe.

Jambo moja naliona ni upungufu halisi: mwandaaji hawezi kusogeza kikomo. Kwa Uswisi ya 3+2 hatua 30 ni sawa. Kwa ile ya 30+20 ningependa 40, na kwa watoto wa darasa la tatu ningependa sare ya kukubaliana isiwepo kabisa. La pili ni adhabu. Katika ubingwa wa dunia wa blitz (sataranji ya dakika chache), Samarkand, Desemba 2023, Daniil Dubov na Ian Nepomniachtchi walizungusha farasi ubaoni mpaka wakapata sare, na mwamuzi akawapa wote 0. Kwenye Lichess huwezi kuandika 0-0. Unaweza kuripoti kwa wasimamizi wa tovuti, unaweza kumfungia mtu mlango wa timu yako, lakini jedwali la mashindano litabaki na nusu pointi zao. Basi pakua matokeo na faili la TRF (muundo wa FIDE wa ripoti ya mashindano) mara raundi ya mwisho inapokwisha, na orodha ya zawadi uitengeneze kwenye jedwali lako mwenyewe. Tangazo liseme tangu mwanzo kwamba orodha hiyo ndiyo ya mwisho.

Kwenye fomu ya Uswisi usiache sehemu mbili ndogo. Ya kwanza ni ya wasiopangiwa kukutana: majina mawili kwa mstari, yameachanishwa kwa nafasi. Imewekwa kwa ajili ya ndugu wa nyumba moja, na inafaa pia kwa wenzi wa shule moja wenye tabia ya kupeana pointi. Itumie kwa wachache, maana kila jina linalowekwa hapo linabana upangaji wa raundi za mwisho. Ya pili ni ya mazungumzo. Yaache kwa viongozi wa timu peke yao mpaka raundi ya mwisho iishe.